Mtaliano wa Ngomeni na Ghadhabu za Jua

Tarehe 24 Desemba 2024, chombo cha Marekani kiitwacho Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni mwa jua. Mwalimu wa Bulla Pesa, Isiolo, akiwasimulia wanafunzi wake habari hiyo, asiishie Marekani. Iko njia ya karibu zaidi, nayo yapitia Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwa mtu aliyeitwa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi wa jeshi la anga, kisha profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Jua linapochafuka, hewa ya juu kabisa hupata joto na kutanuka, ikavipunguzia kasi vyombo vinavyoizunguka dunia hata vikashuka. Ni kwa kiasi gani? Broglio hakutaka kukisia. Alibuni setilaiti yenye gamba jepesi la mviringo na, ndani yake, kiini kizito, viwili hivyo vikishikanishwa kwa mikono yenye kunyumbuka. Hewa ikilisukuma gamba, gamba husogea kidogo sana likilinganishwa na mahali pa kiini, na msogeo huo ndio unaopimwa. Ilikuwa mizani ya kupimia upepo ambao hakuna ngozi ingeweza kuuhisi.

Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa kutoka Marekani mwaka 1964. Lakini yeye aliitaka ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi bila gharama. Majukwaa mawili yakasimamishwa baharini, San Marco na Santa Rita, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya pili ikapaa kutoka Ngomeni. (Isiolo, kusema kweli, iko karibu zaidi na ikweta, ila haina bahari ya kupokea mabaki ya roketi.)

Mimi ni mtu wa isimu, nami huvutwa zaidi na jambo jingine. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, Waitaliano waliwarushia Wamarekani kutoka jukwaa hilo setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, ikaitwa Uhuru. Katika orodha za wanaastronomia, vyanzo vya miali ilivyoviorodhesha vingali vikitambulishwa kwa herufi U. Naona ni aibu mwanafunzi wetu kumaliza shule asijue herufi hiyo ilitoka wapi.

Setilaiti ya mwisho kurushwa Ngomeni ilipaa Machi 1988, ikiwa na mizani ya Broglio ndani yake. Mwenyewe alifariki Roma mwaka 2001, na kituo cha Malindi kikapewa jina lake.