Freddie Mercury: Sauti Iliyozaliwa Unguja

Tarehe 5 Septemba 1946, katika Mji Mkongwe wa Unguja, alizaliwa mtoto mwanamume akapewa jina la Farrokh. Babaye, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Kiingereza, na mamaye akiitwa Jer. Walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, Bara Hindi, watu wa dini ya Kimajusi iliyoanzia Uajemi. Lau mtu angalitabiri siku ile kwamba sauti ya kitoto kile itakuja kusikika pembe zote za dunia, angaliambiwa ana wazimu.

Ndugu msomaji, sina budi kukiri kwamba sauti hiyo niliichukia kabla sijaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nalikuwa kijana wa chuoni, hapa Mombasa, na kaka yangu mkubwa alikuwa baharia. Kila meli yake ilipotia nanga alirudi na kaseti, na kaseti aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya bendi ya Queen. Mimi niliyelelewa kwa kasida, tenzi na taarabu za harusini, niliyasikia yale magitaa nikaona ni makelele matupu. Nikitoka chumbani, yeye hucheka.

Turudi kwa Farrokh. Alipokuwa na umri wa kama miaka minane, wazazi walimpeleka India, katika shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, karibu na Bombay. Huko ndiko alikojifunza piano, na akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa na bendi ya wanafunzi wenzake, The Hectics. Huko pia ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwaka 1963, lakini hakukaa. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, wazazi wake walifungasha walichoweza wakahamia Feltham, nje kidogo ya London. Kijana wa miaka kumi na saba akawa mgeni katika nchi ya baridi. Kuondoka kwa namna ile si jambo geni kwetu watu wa pwani, kwani ni nyumba chache zisizokuwa na jamaa aliyeondoka Unguja mwaka ule.

London alisoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Aliuza nguo katika soko la Kensington, na kwa muda alibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka uliofuata akaja John Deacon. Freddie ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, ndiye aliyeichorea nembo, na wakati huo ndipo alipojiita Mercury.

Mwaka 1975 walitoa wimbo wa Bohemian Rhapsody, alioutunga yeye. Ulikuwa wa karibu dakika sita, na wakubwa wa biashara ya santuri walisema hakuna redio itakayoupiga. Ukakaa wiki tisa kileleni mwa nyimbo za Uingereza. Wimbo huo ndio ulionikera kupita zote, kwa sababu mbili. Ya kwanza, hauna kibwagizo. Huanza kwa upole, ukageuka kama mchezo wa opera, ukavuma kama kaskazi, kisha ukatulia. Kwangu mimi, niliyefunzwa vina na mizani, huo haukuwa utungo. Ya pili, katikati yake limo tamko la Kiarabu ambalo kila mtoto wetu hulitanguliza kabla ya kutia tonge kinywani. Nilidhani ni kejeli.

Miaka ikapita ndipo nikatambua kwamba nilihukumu kwa haraka. Mtoto aliyekulia Unguja, japo si Mwislamu, hakosi kulisikia tamko lile asubuhi na jioni. Mwenyewe hakukubali kueleza maana ya wimbo wake, na sioni kwa nini mimi nimweleze kwa ubaya. Na kuhusu kibwagizo, nilipokuwa mtunzi mtu mzima nilifahamu kwamba utungo ule una mpango wake, kila kipande kikikiandalia njia kile kinachofuata. Nilikuwa nikipima kitambaa kwa pishi.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakalaumiwa, na lawama hiyo ilistahili. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaani Wembley katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia. Kwa muda wa dakika ishirini hivi Freddie aliushika umati wa watu 72,000 kama imamu ashikavyo safu, akiinua mkono nao wakiinua. Hata mimi niliyaona hayo katika televisheni ya jirani, nikanyamaza.

Mwenendo wake wa faragha ulikuwa mbali na sheria ya dini yetu, jambo lisilofichika. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe Unguja ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya moja ya Kiislamu ilipinga kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwaka 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, na wageni huingia kila siku. Hukumu ya mja ni ya Mola wake. Mimi nazungumzia sauti, na maradhi.

Kwani Freddie aliugua ukimwi, akauficha miaka kadhaa. Aliendelea kurekodi huku mwili ukipukutika, na sahani ya Innuendo ilitoka Februari 1991. Tarehe 23 Novemba mwaka huo aliutangazia ulimwengu ugonjwa wake, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Makasisi wa dini ya wazazi wake ndio waliomsomea. Wenzake walianzisha mfuko kwa jina lake wa kupiga vita maradhi hayo.

Kaka yangu alifariki mwaka 1994. Matangani tulisema ni homa. Jirani walijua, nasi tulijua kwamba wanajua, na kila mtu akaitikia homa. Hakuna aliyemwuliza marehemu, wakati yu hai, kama anaogopa. Baada ya arobaini nikaifungua ile sanduku yake ya kaseti, nikaisikiliza Innuendo usiku, sauti ya chini, mlango nimeufunga. Nikamsikia mtu anayejua kwamba anakwenda, naye anaimba kwa nguvu zake zote. Nikatamani ningalibaki chumbani siku zile kaka alipokuwa akinicheka.

Leo umri wangu umepita hamsini, na mlango siufungi tena. Wanangu wakiniuliza ami yao alikufa kwa nini, nawaambia ukweli, kisha tunamwombea.