Ignaz Semmelweis: munganga aliyetaka wenzake wanawe mikono

Wakaaji wa Beni, Butembo na Goma wanakumbuka vizuri zile ndoo zenye robine zilizowekwa kwenye barrière, makanisani na kwenye milango ya maduka wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020. Maji yalikuwa yananuka klori, na hakuna aliyepita bila kunawa. Zaidi ya miaka 170 mbele ya hapo, munganga mmoja aliweka beseni la maji ya namna hiyo katika maternité ya mji wa Vienna, huko Austria. Aliokoa akina mama wengi, lakini wenzake wengi hawakumuamini.

Ignaz Semmelweis alizaliwa tarehe 1 mwezi wa saba 1818 mjini Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa mchuuzi wa vyakula, na katika nyumba yao walizaliwa watoto kumi. Mwaka wa 1837 alienda Vienna kusomea sheria, lakini haikuchukua muda akaiacha na kuingia masomo ya unganga. Alipata diploma mwaka wa 1844. Miaka miwili kiisha, akaanza kazi kama msaidizi wa profesa katika maternité ya hospitali kubwa ya Vienna.

Vyumba viwili, hesabu mbili

Maternité ile ilikuwa na sehemu mbili. Katika ya kwanza, wanganga na wanafunzi wao ndio walizalisha. Katika ya pili, wakunga. Chakula kilikuwa kimoja, na mama hakuchagua: alipelekwa upande uliopokea wagonjwa siku hiyo. Lakini mwaka wa 1846, katika sehemu ya kwanza zaidi ya mama 11 kwa kila 100 walikufa kwa homa ya uzazi. Katika sehemu ya wakunga walikufa chini ya 3 kwa kila 100.

Habari hiyo ilijulikana mjini kote. Wanawake walipiga magoti wakiomba wasipelekwe upande wa wanganga. Wengine waliona afadhali kuzalia barabarani, na hao waliozalia njiani walikuwa wanapona kuliko wale wa ndani.

Semmelweis hakulala juu ya swali hilo. Alichunguza kama ni msongamano, akakuta upande wa wakunga ndio ulijaa zaidi. Akabadilisha namna akina mama walivyolala wakati wa kuzaa. Akaomba padri aliyekuja kwa wagonjwa mahututi asipige tena kengele, kwa kuwa wengine walisema ni woga unaoua. Hakuna kilichobadilika.

Kidonda cha kisu

Mwezi wa tatu 1847, rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, alikatwa kidole na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini Kolletschka akafa. Semmelweis aliposoma ripoti ya mwili wa rafiki yake, akaona alama zilezile za akina mama wa maternité.

Hapo akaelewa. Wanganga na wanafunzi walikuwa wanatoka moja kwa moja kwenye chumba cha maiti na kuja kuzalisha. Wakunga hawakupasua maiti. Basi kile kilichoingia kwa Kolletschka kupitia kisu, kiliingia kwa akina mama kupitia vidole vya wanganga. Wakati huo haikujulikana kwamba mikrobe ndiyo huleta homa hiyo. Yeye alifikiri ni chembechembe za maiti, na aliona kwamba sabuni peke yake haiondoi hata ile harufu mkononi.

Katikati ya mwezi wa tano 1847 akatoa amri: kila anayeingia anawe kwanza kwa maji ya chokaa yenye klori, ndugu wa ile javel ya leo. Mwezi wa nne walikuwa wamekufa mama 18 kwa kila 100. Mwezi wa sita walikufa 2 tu, na mwezi wa saba karibu 1.

Mwezi wa kumi likaja fundisho lingine. Mama mmoja mwenye kansa ya kizazi iliyokuwa ikitoa uchafu alilazwa kitanda cha kwanza. Wanganga walinawa wakati wa kuingia, lakini walipotoka kwake kwenda kwa wengine walinawa kwa sabuni tu. Kati ya mama 12 waliozaa chumbani humo, 11 walikufa. Semmelweis akaona kwamba si maiti tu inayoleta ugonjwa, hata mtu aliye hai. Tangu hapo akadai watu wanawe kila wanapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Vyombo pia vikasafishwa.

Mwisho wa uchungu

Wakubwa wengi hawakupenda kusikia kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliua. Mwaka wa 1849 mkataba wake haukuongezwa. Mwaka wa 1850 akarudi kwao bila kuaga. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, akashusha vifo hadi 8 kati ya mama 933. Lakini alikawia sana kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1861 tu, na wengi wakakipuuza. Akaanza kutuma barua za wazi akiwaita wapinzani wake wauaji, jambo lililomwongezea maadui.

Mwaka wa 1865 akili yake ilivurugika, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Vienna. Alikufa tarehe 13 mwezi wa nane, mwenye miaka 47, kwa kidonda kilichooza. Siku moja tu mbele, huko Glasgow, munganga Joseph Lister alikuwa ametia dawa ya kuua vijidudu kwenye mguu uliovunjika wa mtoto wa miaka 11, na mtoto akapona. Mwaka wa 1879 Louis Pasteur akaonyesha mikrobe yenyewe ya homa ya uzazi. Leo chuo kikuu cha unganga cha Budapest kinaitwa kwa jina la Semmelweis.

Kwa wanaotengeneza kucha

Somo la kitanda kile linawahusu pia wenye saluni, na vijana wanaozunguka na vikapu vya verni wakikata kucha za watu. Makasi yakimkata mteja kidogo tu, damu isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya hepatiti B, vinavyoweza kuishi juu ya chombo siku 7 au zaidi.

Kwanza, osha chombo kwa sabuni na brashi, sababu dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kiisha kiloweke dakika 10 katika maji ya klori ya 0.5%, yaani makali mara kumi kuliko yale ya mikono. Suuza, kausha, usikiache humo muda mrefu, chuma kitashika kutu. Wembe ni wa mtu mmoja, kisha unatupwa. Na kijiti cha mti au msasa wa karatasi hausafishiki: mteja aende nao nyumbani, au utupwe.

Kazi hiyo ifanyike kati ya mteja na mteja, si asubuhi tu wakati wa kufungua.