Prezo Aliyepeleka Wanahabari Chooni: Stori ya Lennart Meri wa Estonia

Cheki hii. Ni 1997 na prezo wa Estonia ametua uwanja wa ndege wa Tallinn akitoka Japani. Wanahabari wamejipanga wakingoja stori za safari. Buda anawapeleka wapi? Chooni. Mkutano unafanyiwa hapo hapo, ndio kila mtu ajionee vile choo cha uwanja wa ndege wa nchi yao kiko hali mbaya.

Unaweza dhani ni kiki. Lakini ukijua huyu mzee alitoka wapi, utamwelewa.

Lennart Meri alizaliwa Tallinn mwaka wa 1929. Budake alikuwa mwanadiplomasia, so mtoi alisoma hadi Berlin na Paris. Maisha yalikuwa fiti mpaka 1940, Soviet walipoingia Estonia na kuimeza. Juni 1941 wakaanza kubeba watu, karibu 10,000 kwa siku chache tu. Budake alitenganishwa na familia, akatupwa kambi ya wafungwa. Lennart, miaka 12, akapelekwa ndani kabisa ya Urusi na mathe na ndugu yake. Huko alikata miti na kumenya waru ndio wasilale njaa. Wote walirudi wakiwa hai. Si kila familia ilikuwa na bahati hiyo.

1953 alimaliza chuo kikuu cha Tartu, somo likiwa historia, na alipita vikali. Shida ni kwamba serikali ya kikomunisti haikumruhusu kufanya kazi ya historia. Alihepea kwa maigizo, redio, vitabu na filamu. Alizunguka Siberia akirekodi jamii ndogo zenye lugha zao ni ndugu za Kiestonia. Filamu yake ya 1977 ilipigwa marufuku Soviet, na huko New York ikashinda medali. Hakuwa akipiga siasa. Alionyesha tu kwamba watu wake wana historia yao, na enzi hizo hiyo ilikuwa noma tosha.

Miaka ya themanini ikiisha, Moscow ikaanza kulegea. Waestonia walitoka kwa maelfu wakiimba, bila bunduki. Agosti 23, 1989, wasee kama milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono, laini ya zaidi ya kilomita 600. Mwaka uliofuata Meri akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi ambayo bado ilikuwa mkononi mwa Moscow. Kazi yake ikawa kugonga milango ya wakubwa wa Magharibi. Agosti 20, 1991, mapinduzi yakitokota Moscow, Estonia ilitangaza uhuru wake umerudi. 1992 raia walipiga kura, Meri akawa namba mbili, lakini hakuna aliyefikisha nusu. Bunge ndilo likamchagua prezo.

Sasa shika hapa, juu wengi husahau. Bendera ilikuwa juu, lakini wanajeshi wa Urusi bado walikuwa ndani ya nchi. Unaitaje hiyo uhuru? Julai 1994 Meri alienda Moscow kukaa na Yeltsin uso kwa uso, na akarudi na mkataba. Ulikuwa na bei yake: maafisa wa Soviet waliostaafu wangebaki Estonia wakilindwa. Nyumbani kuna wasee hawakufurahia. Lakini Agosti 31, 1994, jeshi liliondoka.

Haya, rudi kwa ile choo. Msee aliyebebwa kutoka kwao akiwa mtoi hawezi kubali nchi aliyorudishiwa ikae chafu hapo mlangoni. Kwake, kazi ya uhuru haikuisha siku ya kupandisha bendera.

Alimaliza vipindi vyake viwili 2001, akaaga dunia Machi 14, 2006. Siku utatua Tallinn, utaona jina la huo uwanja wa ndege: Lennart Meri. Ukishuka tu, pitia choo ucheki kama walisikia.