Mtakatifu Ignasi na Mwili wa Kweli wa Bwana

Wakristo wengi wasikiapo habari za uzushi hudhani kwamba ni lazima uwe ukanusho wa Umungu wa Kristo. Lakini uzushi mmojawapo wa kwanza kabisa kulisumbua Kanisa ulipotea kwa upande wa pili. Wazushi hao walikiri ya kuwa Yesu ametoka kwa Mungu, ila waliuonea haya ubinadamu wake. Mungu hawezi kuona njaa wala kufa, walidai; basi mwili ule ulioonekana Galilaya ulikuwa mfano tu wa mwili, na mateso ya Msalaba yalikuwa mateso machoni pa watazamaji tu. Kwa hiyo huitwa Wadoseti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuonekana kama. Hata katika Kiswahili chetu yafaa kujihadhari: twasema Mungu alijifanya mtu, nasi twakusudia kwamba alikuwa mtu kweli, Mdoseti angelifurahia sana neno hilo kwa maana yake ya pili.

Mtu aliyewapinga kwa nguvu zote ni Mtakatifu Ignasi, Askofu wa Antiokia ya Siria, mji ule ambao ndani yake wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Katika enzi ya Kaisari Trajano, aliyetawala toka mwaka 98 hata 117, Ignasi alitiwa minyororoni, akapelekwa Roma ili atupwe mbele ya wanyama wakali. Askari kumi walimlinda njiani. Yeye aliwafananisha na chui, maana kadiri walivyotendewa mema ndivyo walivyozidi kuwa wabaya.

Walipotua Smirna alipokewa na Askofu Polikarpo, na makanisa ya Efeso, Magnesia na Tralle yakawatuma watu wao kumwamkia. Huko aliandika barua nne, moja yao kwa Wakristo wa Roma, akiwasihi wasijaribu kumwokoa na kifo. Walipofika Troa aliongeza tatu: kwa Filadelfia, kwa Smirna, na kwa Polikarpo mwenyewe.

Katika barua za Tralle na Smirna, neno moja halimtoki kalamuni: kweli. Bwana alizaliwa kweli na Bikira wa ukoo wa Daudi, alikula, akanywa, alipigiliwa misumari kweli zamani za Ponsio Pilato, na hata baada ya kufufuka alikuwa na mwili, akala pamoja na Mitume. Kisha aleta hoja ambayo mwalimu aketiye salama nyumbani mwake asingeweza kuitoa. Ikiwa Bwana aliteswa kwa mfano tu, basi na minyororo hii ni mfano tu; kwa nini yeye Ignasi ajitoe kwa upanga, kwa moto na kwa wanyama? Hakuna mtu afaye kwa ajili ya kivuli.

Tena aliutazama mwenendo wao. Walijitenga na Ekaristi Takatifu, kwa kuwa hawakukubali kwamba ndiyo mwili wa Mwokozi wetu ulioteswa kwa ajili ya dhambi zetu. Pia hawakumjali mjane, wala yatima, wala mfungwa, wala mwenye njaa na kiu. Sisi hatudhani kwamba Ignasi aliyataja hayo mawili pamoja kwa bahati tu. Aliyekwisha kusema kwamba njaa ya Bwana ilikuwa ya kuonekana tu, ataionaje njaa ya jirani yake? Na katika barua hiyohiyo ya Smirna ndimo tunamolikuta jina la Kanisa Katoliki kwa mara ya kwanza katika maandiko yote tuliyo nayo.

Kutoka Troa alivushwa bahari mpaka Makedonia, akapita Filipi, ndipo akaendelea kwenda Roma. Kwa mapokeo aliuawa huko yapata mwaka 107, na siku hizi twamkumbuka tarehe 17 Oktoba. Wakristo wa Filipi walimwomba Polikarpo nakala za barua zake, naye akawapelekea zote alizokuwa nazo, pamoja na ombi lake mwenyewe: wakipata habari za hakika za Ignasi na wenziwe, wamjulishe.