Bibi Annalena wa Wajir: Sala na Vidonge

Ubishi huu nausikia mara kwa mara: je, Mkatoliki anayeamini miujiza aweza kuikubali sayansi ya leo? Badala ya kuwachosha wasomaji kwa nadharia, nitaeleza maisha ya mtu mmoja aliyeishi kwetu Kenya, Bibi Annalena Tonelli.

Alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943, mwaka ule ule streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipogunduliwa Marekani. Alisomea sheria. Hakuwa mtawa, alikuwa mlei aliyesali sana na kumiliki vitu vichache. Alifika Kenya mwaka 1969, kisha akafundisha sekondari Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa.

Huko aliwakuta wafugaji wa Kisomali wakifa kwa kifua kikuu. Ugonjwa ulikuwa aibu, ukifichwa. Matibabu yalichukua mwaka au zaidi, na mfugaji akipata nafuu huwafuata ngamia wake kwenye malisho. Dawa ikikatizwa, ugonjwa hurudi, na pengine huwa sugu.

Annalena alisali, lakini vidonge pia alivihesabu. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa walijenga vibanda vyao karibu na kituo, mahali palipojulikana kama Manyatta, wakameza dawa mbele ya wahudumu kwa miezi sita. Baadaye utaratibu wa kumeza dawa mbele ya mhudumu ulienea duniani.

Je, huko kulikuwa kupungukiwa imani? Mimi nasema la. Kanisa lenyewe, likiletewa habari za mgonjwa aliyepona kwa muujiza, huwapa madaktari wachunguze kwanza. Tiba ikitosha kueleza, muujiza haupo. Nakiri kwamba si kila jambo hupimika hivyo. Sista Irene Stefani alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri mwaka 2015 kwa ajili ya maji yaliyosemekana kuongezeka kanisani Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989. Hapo maabara haina la kupima. Husalia ushuhuda wa watu. Lakini kifua kikuu kina vipimo na kina dawa.

Februari 1984, baada ya mauaji ya Wagalla, Annalena aliwahudumia majeruhi na kuokota maiti. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya, akaendelea na kazi ile ile Somalia. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi katika hospitali yake huko Borama, akafa. Hakuna muujiza uliozuia risasi ile.

Wako wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe dawa kwa kuwa ameombewa. Hao wangefaa kwenda Wajir wakaulize habari za bibi huyu. Aombewe, ndiyo, na vidonge vyake avimalize.