Bernard Katz: Mkimbizi wa pauni nne aliyefungua geti la neva

Jaribu hivi. Kunja ngumi. Haya, ifungue. Rahisi, sivyo? Lakini kabla vidole vyako visonge, ujumbe kutoka kwa ubongo ulifika mwisho wa neva ukapata pengo. Ni dogo kiasi kwamba huwezi kuliona kwa macho, ila ni pengo. Stima ya neva hairuki hapo. Na bila kalsiamu, ujumbe wako ungekwama papo hapo. Ndiyo, kalsiamu ile ile unayoambiwa iko kwa maziwa na omena.

Aliyetuonyesha vile geti hilo hufunguka anaitwa Bernard Katz. Stori yake haianzii kwenye maabara. Inaanza na kijana asiye na nchi.

Katz alizaliwa Leipzig, Ujerumani, Machi 26, 1911. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Urusi, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, familia ikabaki bila uraia wowote. Kama umewahi kuzungushwa ofisi hadi ofisi ukitafuta kitambulisho, unaweza kukisia maisha hayo. Umezaliwa mahali, unaongea lugha ya mahali, lakini kwa makaratasi wewe si mtu wa hapo.

Mwaka wa 1929 akaanza masomo ya udaktari pale Leipzig. Wakati wa mapumziko ungempata kwenye mkahawa akicheza chesi. Kisha Januari 1933 Hitler akashika usukani. Mwaka huo huo Katz akashinda tuzo ya chuo kwa utafiti wake. Shida ikawa moja: Myahudi hangetuzwa hadharani. Profesa wake akampa pesa hizo kisirisiri. Fikiria hiyo hali. Kazi yako imekubalika, pesa umepewa, lakini jina lako haliwezi kutajwa mbele ya watu.

Alifuzu 1934, lakini alishajua hapo hapakaliki. Huko London kulikuwa na mwanasayansi mkubwa, Archibald Hill, mshindi wa Nobel ya 1922. Hill alikuwa amewakosoa Wanazi waziwazi kwa vile walivyowafukuza wasomi, hadi akajibizana kwenye jarida la Nature na Johannes Stark, mwanafizikia Mjerumani aliyekuwa upande wa Hitler. Katz alisoma majibizano hayo. Akajua pa kukimbilia.

Februari 1935 akaingia Uingereza. Mfukoni alikuwa na pauni nne. Hill akampokea University College London, na kufikia 1938 Katz alikuwa amepata shahada ya uzamifu.

Mwaka wa 1939 akaenda Sydney, Australia, kufanya kazi na John Eccles na mkimbizi mwingine, Stephen Kuffler. Siku hizo wanasayansi walikuwa wakivutana: ujumbe huvuka lile pengo kwa stima au kwa kemikali? Vita vikakatiza mjadala. Katz akapata uraia 1941, hatimaye nchi ya kuita yake, na akatumikia jeshi la angani la Australia kama afisa wa rada. Akaoa 1945, na mwaka uliofuata akarudi London na mkewe, Rita.

Hapa sasa ndipo utamu ulipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Katz na kijana anayeitwa Paul Fatt walikuwa wakipima misuli ya chura kwa sindano nyembamba ya kioo, pale neva inapokutana na msuli. Neva ilikuwa imetulia kabisa, hakuna aliyeigusa. Lakini mashine iliendelea kuonyesha vimshtuko vidogo, kama nusu milivolti, vikija ovyo ovyo bila ratiba. Wengi wangesema ni kelele za mashine, wazizime waende nyumbani.

Wao wakavifuatilia. Wakatia kurare, sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika Kusini, ambayo huuzuia msuli kupokea asetilikolini, kemikali ya neva. Vimshtuko vikafifia. Kumbe hazikuwa kelele! Neva, hata ikiwa imepumzika, ilikuwa ikidondosha kemikali kidogo kidogo.

Mwaka wa 1954, Katz na Mhispania José del Castillo wakapunguza kalsiamu kwenye maji ya chumvi yaliyozunguka msuli, wakaongeza magnesiamu. Wakaona ajabu. Ujumbe haukufifia kwa ulaini kama redio unayoipunguza sauti. Ulishuka kwa ngazi: vipimo vitatu, viwili, kimoja, au patupu. Ni kama maziwa dukani. Unauziwa pakiti moja, mbili au tatu, hakuna mtu atakukatia nusu pakiti. Neva hutuma kemikali kwa pakiti zima, kila moja ikibeba maelfu ya molekuli. Na kalsiamu ndiyo huamua ni pakiti ngapi zitatoka.

Swali likabaki: kalsiamu hufanya kazi saa ngapi hasa? Katika miaka ya 1960, Katz na Ricardo Miledi, mzaliwa wa Mexico, wakaondoa kalsiamu yote kwenye maji, kisha wakaidondosha kwa sindano pale pale mwisho wa neva. Ikiwekwa muda mfupi sana kabla ya neva kushtuliwa, pakiti zilitoka. Ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hakuna kitu.

Fikiria soja wa geti. Gari likipiga honi, lazima awe hapo. Akija baadaye, gari limeshaondoka. Stima ya neva ndiyo honi, kalsiamu ndiyo soja. Honi ikilia, kalsiamu huingia mwisho wa neva na pakiti zinamwagwa kwenye pengo.

Katz alitumia chura, lakini kanuni ni ile ile kichwani mwako. Unaposoma hapa, seli za ubongo wako zinafungua mageti hayo. Ndiyo maana pia sumu ya koboko si mchezo: baadhi ya kemikali zake huziba pale msuli unapopokea ujumbe. Ubongo unaamuru pumua, msuli wa kupumua hausikii.

Mwaka wa 1969 Uingereza ilimpa Katz hadhi ya Sir. Mwaka wa 1970 akapata Nobel ya tiba, pamoja na Ulf von Euler wa Uswidi na Julius Axelrod wa Marekani. Safari hii jina lake lilisomwa hadharani, mbele ya mfalme. Alifariki London mwezi wa Aprili 2003, akiwa na miaka 92.

Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu vyeti. Ila angalia ile maabara yake: Mhispania, Mmexico, na bosi aliyewahi kukosa nchi. Hill angeweza kumpuuza kijana asiyejulikana, kama vile Katz angeweza kuvipuuza vile vimshtuko. Hakuna aliyepuuza. Ndiyo maana leo tunajua vile ngumi yako hufunguka.