Helen Keller: picha alizotia sahihi bila kuziona

Picha nyingi za zamani za Helen Keller ziko na maandishi yake mwenyewe: herufi za pembepembe, zimesimama moja moja bila kushikana. Ni mkono wake, hata kama picha yenyewe hakuiona hata siku moja.

Yule mama alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka wa 1880. Akiwa na miezi 19, ugonjwa ukamuacha kipofu na kiziwi. Mwaka wa 1887 akaja mwalimu Anne Sullivan, ambaye pia aliwahi kuwa karibu kipofu, akamuandikia maneno kwa vidole ndani ya kiganja. Kwa kuandika kwenye karatasi, Helen aliweka chini yake kibao chenye mifereji, mistari isipinde.

Akiwa na miaka 11 alishitakiwa kwamba amenakili hadithi ya mtu mwingine. Tangu pale wengine walimshuku: maneno ni yake ao ni ya mwalimu?

Mwaka wa 1904 alimaliza chuo cha Radcliffe. Kisha alizunguka inchi nyingi akitetea vipofu, mupaka Afrika Kusini, mwaka wa 1951. Sullivan alikufa mwaka wa 1936. Helen akaendelea kuandika, na mwaka wa 1955 akatoa kitabu juu ya huyo mwalimu. Yeye alikufa mwaka wa 1968.